Wachezaji wa besiboli hufanya nini wanapongoja?

Ndugu wasomaji wa Beni, Butembo na vijiji vya kandokando, mara hii tunazungumza juu ya mchezo ambao wengi wenu hamjauona hata siku moja. Mchezo huo ni besiboli. Msishangae. Hatuna nia ya kuuleta Kivu ya Kaskazini: vifaa vyake ni vya bei kali, na mpira wa miguu unatutosha. Tunautaja kwa sababu moja tu. Besiboli ni mchezo wa kungoja, na watu wake wamejifunza kwa zaidi ya miaka mia moja jinsi ya kukaa bila kazi pamoja, saa nyingi, bila kugombana. Wakati mwingine walishindwa, na hapo pia kuna la kujifunza.

Sisi pia tunangoja sana. Familia iliyokimbia kijiji chake inangoja kusikia kama njia ya shambani ni salama. Inangoja siku ya kuandikishwa, siku ya kugawiwa chakula, siku ya mtoto kupokelewa shuleni. Kijana anangoja mtu wa kumpa kibarua. Na hata akienda uwanjani kupoza moyo, huko pia anangoja. Wamekuja vijana 40, mpira ni mmoja, 22 wanaingia na 18 wanakaa pembeni. Wazazi, makocha na machefu wa kartie huwaangalia wale 22. Leo tunawaomba muwaangalie wale 18.

Mchezo wenyewe kwa maneno machache

Timu mbili, kila moja ina wachezaji tisa. Timu moja inatawanyika uwanjani. Nyingine inapiga, mtu mmoja kwa zamu yake, akiwa na fimbo ya mbao. Mtupaji anamrushia mpira, naye anajaribu kuupiga na kukimbia kwenye vituo vinne mpaka arudi pale alipoanzia. Wapigaji watatu wakitolewa, timu zinabadilishana. Hivyo hivyo mara tisa kwa kila upande.

Sasa hesabuni. Wakati mmoja anapiga, wenzake karibu wote wamekaa. Na wale walio uwanjani wamesimama wakingoja mpira uje upande wao, na pengine hauji. Mwaka 2013 gazeti moja la Marekani lilipima kwa saa: katika mechi ya saa tatu hivi, muda ambao mpira na watu walikuwa katika mwendo haukufika dakika 18. Sehemu iliyobaki ni kungoja. Tangu mwaka 2023 ligi kuu ya Marekani imeweka saa ya kumharakisha mtupaji, na mechi zimepungua kutoka saa tatu na dakika chache hadi kama saa mbili na dakika 40. Hata hivyo kungoja bado ni kwingi.

Benchi lao huwa limechimbwa chini kidogo ya usawa wa uwanja, na kwa Kiingereza linaitwa kwa neno lile lile la handaki la askari. Wasomaji wetu wanajua mahandaki ya namna nyingine. Hili lao lina paa, ndoo ya maji na mahali pa kuegesha fimbo, na ndani yake timu nzima hukaa bega kwa bega karibu siku zote za msimu, kuanzia mwezi wa tatu au wa nne mpaka wa tisa.

Mdomo na mikono

Jambo la kwanza ambalo mgeni ataliona ni kwamba wanatafuna. Wanatafuna mbegu za alizeti kama sisi tunavyotafuna karanga: konzi moja shavuni, ulimi unapasua mbegu, ganda linatemwa chini. Mchezo ukiisha, sakafu ya benchi ni maganda matupu. Wengine wanatafuna chingamu. Ni kazi ndogo ya kuupa mwili kitu cha kufanya ili akili ibaki kwenye mchezo.

Zamani walitafuna tumbaku, na hilo limewaumiza. Tony Gwynn, mmoja wa wapigaji bora kabisa, alikufa mwaka 2014 akiwa na miaka 54 kwa saratani ya tezi ya mate. Yeye mwenyewe aliamini kuwa ilitokana na tumbaku aliyoiweka shavuni miaka yote ya kucheza. Tangu msimu wa 2017 wachezaji wanaoingia upya katika ligi kuu hawaruhusiwi kuitumia mchezoni. Tunalitaja kwa ajili ya wale wanaouza sigara moja moja na vifuko vya pombe kali kandokando ya viwanja vyetu. Kijana anayekaa bila kazi huchukua kile kilicho karibu na mkono wake. Kamati ya uwanja ina haki ya kuamua nini kiwe karibu.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Covid, ligi hiyo ilikataza mbegu, ilikataza kutema mate, ilikataza hata wachezaji kupigana viganja kwa furaha. Wakagusana viwiko. Watu wa Beni na Butembo hawakuhitaji kufundishwa hilo. Kuanzia tarehe 1 ya mwezi wa nane 2018, Ebola ilipotangazwa, hadi ilipoisha rasmi tarehe 25 ya mwezi wa sita 2020, sisi tuliishi bila kupeana mikono, na ndoo ya maji yenye klorini ilikuwa mlangoni pa kila mahali. Ndoo nyingine bado zipo. Ndoo moja pembeni ya uwanja, na kijana mmoja wa benchi anayeitunza, ni kazi halisi na haina gharama.

Kalamu ya mtupaji wa kesho

Kuna desturi moja ya benchi la besiboli ambayo sisi tumeipenda kuliko zote. Mtupaji hawezi kucheza kila siku, kwa sababu mkono wake unahitaji siku nne au tano za kupumzika. Kwa hiyo kila timu ina watupaji kadhaa wanaopokezana. Yule ambaye zamu yake ni kesho, leo hakai bure. Kwa miaka mingi desturi ilikuwa kumpa karatasi na kalamu: anaandika kila mpira unaotupwa, ulikwenda wapi, mpigaji alifanya nini. Siku hizi mashine zinahesabu mengi, lakini sababu ya desturi hiyo haikubadilika. Kesho yeye atakabili wapigaji hao hao. Akiandika leo, kesho anawajua.

Angalieni jinsi jambo hilo lilivyo tofauti na kumwambia kijana, «kaa pale, ngoja.» Kungoja kwake kumepewa kazi, na kazi hiyo inahusiana na zamu yake inayokuja. Ndiyo sababu hatoki kwenda kutafuta mambo mengine.

Wapigaji nao hufanya hivyo kwa macho na mdomo. Yule aliyetoka kupiga akirudi benchi, kabla hajanywa maji, anawaambia wenzake: leo mtupaji anatupa kasi namna hii, mpira wake unapinda upande ule. Hata aliyeshindwa vibaya anarudi na habari. Anayefuata amekwisha kusimama katika duara lake, anazungusha fimbo na kutazama. Anayefuata baada yake anavaa kofia ngumu. Kungoja kwao kuna ngazi, na kila mtu anajua yuko ngazi gani.

Watupaji wa akiba wana kungoja kugumu zaidi. Wanakaa mbali na wenzao, mwisho wa uwanja, na kuna simu inayowaunganisha na kocha. Mara nyingi simu hailii mpaka mchezo unakaribia kuisha, na siku nyingine hailii kabisa. Wale wanaodumu katika kazi hiyo wana utaratibu: nusu ya kwanza ya mchezo wanapiga hadithi na kutaniana, halafu saa fulani ikifika wanaanza kunyoosha viungo, simu ilie isilie.

Wakati mwingine benchi hutumia akili yake vibaya. Mwaka 2017 timu ya Houston Astros, iliyoshinda ubingwa mwaka ule, iliiba ishara za siri za wapinzani kwa kamera, na watu waliokuwa karibu na benchi wakawa wanagonga pipa la takataka kumjulisha mpigaji ni mpira gani unakuja. Mwezi wa kwanza 2020 klabu ilitozwa faini ya dola milioni 5, na kocha mkuu na meneja wakafungiwa mwaka mzima. Wenye akili wakikaa pamoja bila kiongozi mwema, watabuni kitu tu.

Benchi linapotukana

Hapa tunafika mahali ambapo jambo hili linatugusa sisi moja kwa moja.

Katika besiboli ya zamani, kumtukana mpinzani kutoka benchi ilihesabiwa kuwa sehemu ya mchezo. Watu wasiocheza ndio waliokuwa na nafasi na pumzi ya kupiga kelele. Tarehe 15 ya mwezi wa nne 1947 Jackie Robinson aliingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers, akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani katika zama hizo. Baadhi ya wachezaji wenzake walikuwa wamejaribu kuandika barua ya kumkataa. Siku saba baadaye timu ya Philadelphia ilikuja Brooklyn, na kutoka benchi lao, kocha wao Ben Chapman akiwa mbele, yakatoka matusi ya rangi ambayo hatuwezi kuyaandika hapa. Hayakuwa ya dakika moja. Yaliendelea mchezo wote, na siku zilizofuata.

Robinson alikuwa ameahidi kutojibu. Kilichotokea ni kwamba wenzake, hata wale waliokuwa hawampendi, walianza kuona aibu. Mmoja wao, Eddie Stanky, aliwageukia wale wa Philadelphia na kuwaita waoga, kwa sababu walikuwa wanamtukana mtu ambaye hawezi kujibu. Baadaye kiongozi wa klabu ya Brooklyn alisema kwamba Chapman, bila kutaka, ndiye aliyeiunganisha timu yake kuliko mtu mwingine yeyote.

Tusijidanganye kwamba matusi huleta umoja kila mara. Brooklyn ilikuwa na kiongozi aliyeamua mapema kwamba barua ile ya kumkataa Robinson haitapokelewa, na mwenye kutaka kuondoka aondoke. Bila uamuzi huo, nani angemtetea?

Kwetu, maneno yanayotoka pembeni ya uwanja yanajulikana. Mtoto wa familia iliyokimbia akikosa bao, anaitwa mgeni, anaambiwa arudi alikotoka. Mwingine anatajwa kwa kabila lake, au kwa kijiji chake kana kwamba watu wote wa kijiji kile ni washirika wa waasi. Anayesema hayo ni nani? Mara nyingi sana ni yule aliyekaa. Yule anayecheza hana wakati. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwezi wa kumi 2014, mashaka yamekuwa mengi kati ya watu, na neno moja lililotupwa kwa mzaha linaweza kufika nyumbani jioni, likalala na familia mbili zinazoishi chini ya paa moja.

Maana hapa kwetu wakimbizi wa ndani wengi hawako kambini. Wako kwa shangazi, kwa rafiki wa baba, kwa mwumini wa kanisa lile lile, vyumba viwili watu kumi na wawili. Kijana mwenyeji na kijana mgeni wanashiriki sahani, kisha wanakwenda uwanja mmoja. Mwenyeji akicheza kila siku na mgeni akikaa kila siku, ugomvi wa uwanjani unarudi mezani.

Siku za mazoezi na siku za mvua

Katika mazoezi ya besiboli kungoja ni kwingi kuliko katika mechi. Mmoja anapiga mipira mingi mfululizo, wengine wametawanyika mbali wakiikusanya. Hapo ndipo wanapozungumza habari za nyumbani, na hapo ndipo mchezaji mpya anapojua nani ni nani. Lakini kuna mchezo mdogo ambao walibuni ili kungoja kusiwe kwa bure: mtu mmoja na fimbo, watatu au wanne mbele yake hatua chache tu, wanamtupia polepole na yeye anaugonga chini kuwarudishia, haraka haraka, bila kusimama. Wanauita pilipili. Hauhitaji uwanja mzima. Wenye viwanja wengi waliweka vibao vya kuukataza kwa sababu uliharibu majani, nao wakaendelea.

Timu za watu weusi wa Marekani, wakati walipofungiwa nje ya ligi kuu, walikuwa na jambo zuri zaidi. Kabla ya mechi walicheza bila mpira. Mtupaji alitupa hewa, mpigaji alipiga hewa, mdakaji akaruka na kudaka kitu kisichokuwepo, kwa ustadi mpaka watazamaji wakadhani wameuona mpira. Watu waliuita mpira wa kivuli. Kocha aliye na vijana 40 na mpira mmoja na ajaribu: makundi mawili pembeni yacheze mpira wa kivuli, kundi la tatu liamue nani kafunga. Wadogo watacheka, na miguu yao itajifunza kupanga nafasi.

Mvua ikinyesha, besiboli husimama kabisa. Wafanyakazi wanafunika uwanja kwa turubai kubwa, wachezaji wanaingia ndani kucheza karata au kulala. Katika vyuo vya Marekani imezuka desturi ya kupendeza: timu mbili zinazopingana, kila moja kutoka benchi lake, zinashindana kwa kucheza ngoma na kuigiza vichekesho mpaka mvua ikatike. Watu waliokuja kushindana wanachekeshana. Butembo, mji wa baridi na mvua juu ya vilima vyake, ungefaa sana kwa desturi hiyo. Kwa kawaida mvua ikianza kwetu, kila timu inakimbilia baraza lake.

Na dada zetu je? Katika suala la kungoja, wasichana wa Kongo hawana la kujifunza kutoka Marekani. Angalieni nzango. Wawili wanakabiliana, wanaruka, wanapeleka mguu mbele, na mguu ndio unaoamua nani kapata alama. Wenzao wanaongoja zamu wamejipanga mstari, wanaimba na kupiga makofi, na bila wimbo na makofi yao wale wawili hawana mwendo. Anayengoja ndiye anayeupigisha mchezo. Nzango imekwisha kutoka uani: mwaka 2015 ilionyeshwa katika Michezo ya Afrika huko Brazzaville. Makocha wa wavulana wakitaka kujua namna ya kuwaweka watu 18 wasiochoka pembeni, waende kuwauliza wasichana wa darasa la sita.

Jirani zetu wa Uganda

Besiboli si ya mbali kama tunavyofikiri. Ukivuka mpaka pale Kasindi na kufuata njia ya Kasese mpaka Kampala, utawafikia vijana wanaoucheza. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilishinda mashindano ya kanda huko Poland, ikapata haki ya kwenda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya watoto. Hawakwenda. Walinyimwa viza kwa sababu ya matatizo ya karatasi za kuzaliwa. Familia zilizopoteza karatasi katika kukimbia zitaelewa uchungu huo bila maelezo.

Ilikuwaje baada ya hapo? Mwezi wa kwanza 2012, timu ya Kanada ambayo ingekutana nao kule Williamsport ilisafiri mpaka Uganda kucheza nao. Mwezi wa nane mwaka huo huo, timu nyingine ya Uganda, ya watoto wa Lugazi, ilifika Williamsport, ikiwa timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Mwaka 2015 Uganda iliifunga Jamhuri ya Dominika 4 kwa 1. Kijana mwingine wa Uganda, Dennis Kasumba, alijulikana duniani kwa picha za video akifanya mazoezi peke yake kwa matairi na vitu vya kuokota, na mwaka 2023 alipata nafasi katika timu ya Frederick Keys huko Marekani. Hatusemi kila anayengoja atapata ndege. Wengi hawataipata. Lakini yule aliyefanya mazoezi katika muda mtupu, siku mlango ulipofunguka kidogo, alikuwa tayari.

Tanzania nako, mwaka 2018, ulifunguliwa Dar es Salaam uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani na kupewa jina la Koshien, uwanja mashuhuri wa besiboli ya shule za Kijapani. Wajapani wana mtindo wao wa benchi: wasiocheza wanatakiwa kutoa sauti. Wanawaita wenzao kwa majina, wanawatia moyo kwa pamoja, na kunyamaza benchi huonekana kama uvivu. Kabla na baada ya mchezo timu mbili hupanga mistari na kuinamiana.

Kambi ya jangwani

Kuna hadithi moja ambayo tungependa viongozi wa wakimbizi waijue. Mwaka 1942, wakati wa vita na Japani, serikali ya Marekani iliwaondoa watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani katika nyumba zao, wengi wao raia wa Marekani, ikawafungia kambini. Hawakuwa na kosa. Mmoja wao alikuwa Kenichi Zenimura, mchezaji na kocha kutoka Fresno. Alipelekwa kambi ya Gila River, katika jangwa la Arizona, pamoja na mke na watoto wake.

Zenimura hakuuliza ruhusa nyingi. Yeye na wanawe walianza kung'oa vichaka nje ya kibanda chao. Watu wakauliza wanafanya nini, wakajiunga. Mbao na nguzo zilichukuliwa kwenye wigo wa kambi, maji yalivutwa kutoka sehemu ya kufulia, na ukingo wa uwanja ulipandwa mibarika badala ya ukuta. Mwaka 1943 uwanja ulifunguliwa. Timu zikaanzishwa kwa makumi, na maelfu ya watu wakaja kutazama. Tarehe 18 ya mwezi wa nne 1945 timu ya shule ya kambi ilikaribisha timu ya sekondari ya mji wa Tucson, mabingwa wa jimbo, ikawashinda 11 kwa 10. Watoto wa Tucson waliingia ndani ya kambi na kuwaona wafungwa kwa macho yao.

Uwanja huo haukufungua kambi, wala haukufuta udhalimu. Serikali ya Marekani iliomba msamaha mwaka 1988 tu. Lakini soma tena jinsi kazi ilivyogawanywa: wang'oaji, wavuta maji, wapanda mibarika, wapanga mechi, waandika matokeo. Wachezaji walikuwa wachache tu kati yao.

Yanayoweza kufanyika hapa

Hatutaki kuandika kanuni kumi. Kila uwanja una watu wake. Tunataja machache ambayo hayahitaji fedha za ONG.

La kwanza ni kumchagua kapteni wa benchi, mbali na kapteni wa timu. Awe mtu anayeheshimiwa, na awe anabadilishwa, juma hili mwenyeji, juma lijalo mtu wa familia iliyokimbia. Kazi yake ni zamu: nani anaingia, saa ngapi, badala ya nani. Zamu iandikwe ili kila mtu aione. Vijana wengi wanaokasirika pembeni hawakasiriki kwa sababu wamekaa, wanakasirika kwa sababu hawajui watakaa mpaka lini.

Yeye pia ndiye mwenye neno juu ya matusi. Jambo hilo liamuliwe kabla ya mchezo, mbele ya timu zote mbili: anayemtaja mwenzake kwa kabila au kwa ukimbizi wake, timu yake inapoteza mchezaji mmoja uwanjani kwa dakika tano. Adhabu iwaguse wenzake, ndipo wenzake watamnyamazisha.

Wazazi wasiseme kwamba huo ni mchezo wa watoto tu. Papa akipita uwanjani saa kumi akakaa benchi dakika kumi na tano, wale wanaokuja kuwaita vijana pembeni, kuwaahidi simu au dola chache ili wajiunge na kikundi cha silaha, watamwona na kwenda. Hawapendi kuitwa kwa jina na mzee wa kartie. Mama anayeuza karanga pale pale anajua mengi kuliko kamati nzima. Aalikwe katika mkutano.

Katika mkutano huo mnaweza kuulizana: kwenye uwanja wetu ni nani hukaa siku zote bila kucheza? Anatoka familia gani? Akiwa pale, nani huzungumza naye? Msikimbilie kujibu. Pelekeni watu wawili wakatazame kwanza, siku tatu.

Neno la mwisho ni juu ya ile kalamu. Kijana mmoja wa benchi apewe daftari. Aandike mabao na zamu, lakini mwanzoni kabisa aandike majina ya wote waliofika, wanaocheza na wasiocheza, na kila mmoja anakaa kwa nani. Daftari hilo lisizunguke ovyo; jioni libaki kwa kapteni au kwa mwalimu, kwa sababu majina ya watu yana thamani na hatari yake. Katika mji ambapo mlio mmoja wa risasi unaweza kuwatawanya watu kabla ya giza, daftari hilo litasaidia kujua nani alikuwepo na nani hajafika nyumbani. Majina yasomwe tena saa kumi na moja, kabla watu hawajaondoka.